Nikiwa peke yangu namaliza, kwenye mbio za watu pumzi inakata kilomita ya pili

SWALI: "Kocha shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Mwanga hapahapa Kigoma. Nimeshiriki mbio za kilomita 5 za hapa mjini mara tatu sasa, zile za bonanza na za kuchangia. Kila mara yaleyale, naanza vizuri sana, kilomita ya kwanza niko na vijana, ya pili pumzi inaanza kukata, ya tatu natembea. Wananipita hadi wazee na watoto wa shule, naona aibu kwakweli. Mara ya mwisho tulianzia stesheni tukapanda mpaka Mwanga tukageuza tukarudi, simu ikanisomea kila kilomita hivi: 5:40, 6:30, 8:10, 8:45, 7:35. Nilipovuka mstari nikasimama, nikaona kizunguzungu nikakaa chini. Kinachonishangaza jioni nikikimbia peke yangu barabara ya Bangwe naenda kilomita 5 bila kusimama, polepole lakini namaliza. Wenzangu wa klabu ya jogingi wanasema nina pumzi ndogo, nivute hewa kwa pua tu, ninywe glukosi kabla ya kuanza, na nitangulie mapema ili nikichoka niwe nimeshaacha watu nyuma. Kuna mbio nyingine baada ya wiki 6. Nifanyeje?"

JIBU: Marahaba mama, na asante sana kwa kuandika zile namba za kila kilomita, zimenisaidia kuliko maelezo yote, manake wengi wananiambia tu "kocha nachoka" na hapo mtu unabaki kubahatisha.

Kama nimekuelewa vizuri, unashangaa inakuwaje mwili unaomaliza kilomita 5 jioni ukiwa peke yako ushindwe kilomita 5 asubuhi ukiwa na watu, na unataka kujua kama dawa yake ni pumzi, ni glukosi au ni kutangulia. Nikujibu mapema usiendelee kuumia moyo, pumzi unayo. Mtu asiye na pumzi hamalizi ile barabara ya Bangwe bila kusimama. Kilichokumaliza ni ile 5:40.

Tufanye hesabu kidogo. Ukijumlisha namba zako unapata dakika 36 na sekunde 40, gawanya kwa 5 inakuja 7:20 kwa kilomita. Yaani siku ileile, na kile kilima, na kutembea kote ulikotembea, wastani wako ulikuwa 7:20. Sasa kilomita ya kwanza umeikimbia sekunde 100 pungufu ya wastani wako, umekata karibu robo ya muda, tena unapandisha kutoka stesheni! Alafu itazame ya nne. Ya nne mlikuwa mnarudi chini kuelekea ziwani, ni mteremko, na ndiyo imekuwa ya polepole kuliko zote, 8:45. Hiyo ndiyo iliyonionyesha kila kitu. Mteremko unapaswa kukupa sekunde za bure, wewe ulishindwa kuzichukua kwa sababu ulifika pale huna kitu tena mwilini, ulikuwa bado unalipa deni la kilomita ya kwanza.

Na hiyo ya tano ya 7:35 inanipa moyo sana. Ulipoona mwisho unakaribia uliweza kukimbia tena, kwahiyo miguu haikuwa imekufa, ilikuwa imebanwa tu, na nafuu ndogo ya kule kwenye kutembea ikatosha kukufikisha.

Sasa nikueleze ndani ya mwili kunatokea nini, manake ukishaelewa hapa hakuna mtu atakudanganya tena. Ukianza kukimbia misuli inataka nguvu palepale, lakini moyo na mapafu havipandi kwa ghafla, vinachukua kama dakika 2 mpaka 3 hivi kufikia kiwango cha kupeleka oksijeni inayotosha mwendo ulionao. Ni kama kuwasha jiko la mkaa, unaweka makaratasi chini, yanawaka kwa moto mkubwa wa kutisha lakini mkaa wenyewe bado mweusi. Moto wa makaratasi ni akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli ambayo haihitaji hewa, nyingine ni ya sekunde chache tu, na nyingine ni sukari inayovunjwa harakaharaka bila kusubiri oksijeni. Kila mtu anayo hiyo akiba, wewe, mimi, hata bingwa wa dunia, na ina mwisho. Ukianza taratibu unaitumia kidogo tu wakati unasubiri mkaa ushike, alafu inayobaki unaimalizia mita 400 za mwisho. Ukianza kwa 5:40 wakati mwendo wako ni wa 7:20, karibu yote inaisha kabla hujafika kilomita ya pili.

Na inavyoisha hivyo inaacha uchafu nyuma. Msuli unakuwa na asidi asidi, unakaza vibaya, na damu inabeba hewa chafu nyingi, kabonidayoksaidi. Ubongo una vipimo vyake vya hiyo hewa chafu, ukiona imezidi unaamuru upumue harakaharaka kuitoa. Kwahiyo ule mhemo unaousikia kilomita ya pili, ule unaofanya watu wakuambie una mapafu madogo, mapafu yako pale yanafanya kazi nzuri kabisa, yanajaribu kutoa moshi wa moto uliouwasha mwenyewe dakika sita zilizopita.

Kuna jambo lingine watu hawalijui. Gharama ya kuzidisha mwendo haipandi sawasawa. Chini ya kiwango fulani mwili unasafisha uchafu kwa kasi ileile unayouzalisha, unaweza kwenda muda mrefu tu. Ukivuka hicho kiwango hata kidogo uchafu unaanza kujaa, na ukivuka sana unajaa kwa dakika chache. Kibaya zaidi ukishajaa hautoki kwa kupunguza mwendo kidogo, lazima ushuke sana, na ndiyo maana ulijikuta unatembea kabisa. Muda ulioupata kwa kukimbia na vijana umeulipa wote huko mbele.

Sasa kwanini ukiwa peke yako hili halikupati? Kwasababu barabara ya Bangwe jioni hakuna spika kubwa, hakuna MC anayepiga kelele, hakuna mgeni rasmi na bendera, hakuna vijana wanaorukaruka mbele yako. Siku ya mbio mwili unamwaga adrenalini, ile kemikali ya msisimko, moyo uko juu kabla hujapiga hatua hata moja, na adrenalini inaficha uchovu. Ukichanganya na ile akiba ya makaratasi, dakika mbili za kwanza mwendo wowote utausikia mwepesi, hata ule usioumudu. Hapa naomba usome mara mbili mama: hisia ya dakika mbili za kwanza ni ya uongo. Kila mtu inamdanganya. Ukisikia "leo niko vizuri sana" mita 300 kutoka kwenye mstari, hiyo sio habari ya kuaminika, mwili haujaleta bili bado.

Tuje kwenye ushauri wa wenzako, nawaheshimu maana wanakupenda, lakini ninyooshe kidogo hapa.

Pua peke yake haipitishi hewa ya kutosha mtu akikimbia kwa nguvu. Jioni ukienda taratibu sawa, vuta kwa pua ukipenda, lakini siku ya mbio fungua mdomo, vuta kwa pua na mdomo pamoja na utoe kwa nguvu, hasa kutoa. Glukosi kwa kilomita 5 haina kazi. Mtu aliyekula vizuri jana yake ana akiba ya sukari kwenye misuli na ini inayotosha kukimbia kwa nguvu zaidi ya saa nzima, wewe unahitaji dakika 36. Ukibugia glasi ya glukosi pale kwenye mstari utapata tumbo kubwa na pengine kichomi cha ubavuni juu yake, maana kula au kunywa sana muda mfupi kabla ya kukimbia ni moja ya vitu vinavyokileta. Kula chakula chepesi masaa mawili kabla, au kama mbio ni alfajiri sana basi chai na kipande kidogo cha mkate au kiazi, na maji kunywa kidogokidogo. Basi. Na wale watakaokwambia maumivu ya mapaja kesho yake ni asidi imebaki, hapana, ile inaondoka ndani ya saa moja hivi, maumivu ya kesho yake ni nyuzi za msuli kuchanika kidogokidogo, na kushuka kile kilima ndiko kunakozichana zaidi.

Kutangulia je? Hapa nataka niwe mkweli maana sio kila anayetangulia anakosea. Sisi Watanzania tuna historia kubwa ya watu wa kutangulia. Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola alikimbia mita 1500 akiwa mbele toka mwanzo, hakuna aliyemkamata, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. Watu wanaikumbuka hiyo na wanasema "ona Bayi". Lakini Bayi huyohuyo mwaka 1980 kwenye Olimpiki ya Moscow, mita 3000 kuruka viunzi na maji, alitangulia vilevile akaacha watu mbali, na mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akamfikia akampita, Bayi akachukua fedha kwa 8:12.48. Ile ni fedha ya Olimpiki, heshima kubwa kwa nchi, ila inakuonyesha hata kwa mtu wa kiwango chake kutangulia ni kamari. Na juzijuzi, 2025 Tokyo, Alphonce Simbu amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni kwa namna tofauti kabisa, amekaa na watu, amevumilia, Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake wanaingia kumalizia, Simbu akampita pale kwenye mstari, wote wawili wameandikiwa 2:09:48, wametofautiana kwa sekunde 0.03 tu. Kama nguvu yake angeimwaga mapema ile hatua ya mwisho angeitoa wapi?

Na ukitaka kujua mbio zako hasa, za kilomita 5, wakubwa wanazigawaje, rekodi ya dunia ya mita 5000 ni ya Joshua Cheptegei wa Uganda, 12:35.36, aliiweka Monaco 2020, ambayo ni wastani wa kama 2:31 kila kilomita, na alizikimbia karibu sawasawa toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Mkimbiaji mzoefu anaweza kuanza haraka kidogo kuliko wastani wake na ikamlipa, ila hicho kidogo ni asilimia chache, sekunde 10 kwa mtu wa mwendo wako, sio sekunde 100. Na wewe bado hujazoea kuupima mwendo kwa mwili, kwahiyo nakushauri uanze upande wa pili, polepole kidogo kuliko wastani, alafu uongeze.

Kwa njia ileile ya stesheni na Mwanga ningekupangia hivi: ya kwanza 7:30, ya pili 7:25, ya tatu 7:15, ya nne 7:00, ya tano 6:40. Jumlisha uone, ni 35:50. Umejipunguzia sekunde 50 bila kuongeza hata tone la uwezo, kwa kupanga tu, na hujatembea popote. Baada ya wiki 6 za mazoezi ninayokupa hapa chini naamini utaenda chini ya hapo, ila anza na hizi.

Kwenye kilima usishike saa, shika juhudi. Watu wengi wanataka kupanda kwa mwendo uleule wa tambarare, hapo ndipo wanapovuka kile kiwango nilichosema. Pandisha kwa hatua fupifupi, mikono ifanye kazi, macho mita kumi mbele na sio juu kwenye kilele, na kama simu inasema 7:50 achana nayo, kikubwa mhemo usibadilike. Ukigeuza usijizuie kwa kuegemea nyuma na kukita visigino, hiyo inaua mapaja, egemea mbele kidogo kutoka kwenye vifundo, hatua nyepesi za harakaharaka, na acha mteremko ukubebe. Sekunde ulizopoteza ukipanda unazikuta hapo.

Sasa utajuaje uko kwenye mwendo wako bila kutazama simu kila sekunde? Mdomo. Chukua sentensi moja ya kawaida, mfano "leo nakimbia kilomita tano natokea stesheni naenda Mwanga". Kilomita ya kwanza uweze kuisema yote bila kukatisha, kama huwezi umeshazidisha, punguza hapohapo usisubiri. Ya tatu iwe inakatika mara mbili. Ya nne maneno mawili matatu. Mita 400 za mwisho usiweze kusema kitu. Hiki kipimo hakidanganyi hata jua likiwa kali, na kina faida juu ya simu maana simu zetu hizi zinasoma mwendo wa papo hapo kwa kuyumbayumba sana, sasa hivi 6:50 baada ya sekunde tano 8:10 na wewe hujabadilisha chochote. Kama unatumia Strava au programu yoyote ya namna hiyo angalia wastani wa kilomita nzima tu, iache ikusemeshe kila kilomita inapoisha.

Wiki 6 zinatosha kabisa kwa hili. Siku tatu kwa wiki, usizidishe, una nyumba na una kazi. Siku moja endelea na barabara yako ya Bangwe kama kawaida, taratibu, ile ya kuongea, hiyo ndiyo inayopanua mkaa wako na usiidharau kwasababu ni polepole. Siku ya pili pasha dakika 10, alafu kimbia dakika 8 kwa mwendo wa kusema maneno manne matano tu kwa pumzi moja, pumzika dakika 3 kwa kutembea, rudia, kila wiki mbili ongeza dakika mbili. Siku ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote kwa tatizo lako, na ndiyo watu wanaidharau.

Nenda mahali penye mzunguko unaojulikana, pale Uwanja wa Lake Tanganyika ukiruhusiwa kuingia, au uwanja wa shule uliopimwa mita 200 kwa hatua au kwa kamba. Mzunguko wa mita 400 kwa mwendo wa 7:20 ni dakika 2 na sekunde 56, wa mita 200 ni sekunde 88. Washa saa, ifiche mkononi au mfukoni, kimbia mzunguko, ukifika kabla ya kutazama sema kwa sauti "hii ni 2:56" au "hii ni 2:40" au unavyohisi wewe, ndio utazame. Wanaoanza karibu wote wanakosea kwa sekunde 20 hadi 30, na karibu wote wanakosea upande mmoja, mzunguko wa kwanza wanadhani wameenda polepole kumbe wamechoma. Utamwona mtu anaangalia saa mara mbili haamini. Tembea dakika moja, rudia, mara sita au nane. Ikifika wiki ya tatu ya nne tofauti inashuka mpaka sekunde tano, na hapo mwendo unakuwa umeingia mwilini hauhitaji simu. Kama huna uwanja tumia nguzo za umeme barabarani, chagua nguzo kumi, pima sekunde za kwenda na za kurudi, zifanane. Sehemu iwe tambarare lakini, usiifanyie kwenye kilima.

Kila zoezi hili likiisha fanya na mwenzako mmoja mchezo huu: mwambie aanze kwa fujo akuache, wewe ubaki kwenye 2:56 yako. Inauma kuachwa, najua, hasa ukimjua anayekuacha unamzidi. Ndiyo maana tunaifanyia mazoezi, sio siku ya mbio ndio uanze kupambana na roho.

Na hiyo aibu ya kupitwa naomba tuiongelee kidogo. Wazee waliokupita kilomita ya tatu walikuwa nyuma yako kilomita ya kwanza kwa makusudi, wanajua wanachofanya, ni watu wa kuwafuata. Siku ya mbio usisimame mbele kabisa na vijana, simama theluthi ya nyuma, karibu na wazee haohao. Huko hakuna wa kukuvuta na njia ikijaa watu wanakuzuia wenyewe usichome. Utapitwa na wengi mita 500 za mwanzo, waache waende. Kuanzia kilomita ya tatu utaanza kuwakuta wanatembea mmojammoja, na hakuna kitu kinachoongeza nguvu kama hicho.

Kitu kingine cha kwetu, mbio zinatangazwa saa 12 asubuhi zinaanza saa moja na nusu kisa mgeni rasmi hajafika. Mmepasha kwa muziki nusu saa, mmeloa jasho, alafu mmesimama mnasikiliza hotuba mwili umepoa. Usirukeruke kwenye muziki mpaka uishe nguvu, pasha kidogo, kaa kivulini, na ukiona bendera imekaribia tembea haraka na jogi polepole dakika tano tena. Ikianza jua limeshapanda ongeza sekunde 10 hadi 20 kwa kila kilomita kwenye ule mpango bila kujuta, kwasababu damu inagawanywa, nyingine iende kwenye ngozi kupooza mwili, na hapa ziwani hewa ina unyevu jasho halikauki upesi. Kama unakimbia na ushungi na suruali ndefu chagua kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ile tisheti ya mbio ya nailoni nzito vaa ukimaliza upige picha.

Kuna njia nyingine ambayo siwezi kuificha, kukimbia na kutembea kwa mpango. Dakika 4 unakimbia, dakika 1 unatembea haraka, toka mwanzo, kabla hujachoka. Kwa mtu anayeanza au mwenye uzito mkubwa au magoti yanayouma ni njia nzuri sana na wengi wanamaliza mapema kuliko wanaokimbia mpaka wafe. Kwako wewe sioni kama unaihitaji maana unamaliza 5 bila kusimama, ila kama siku hiyo ni joto kali au umelala vibaya itumie kwenye kilima tu, sio dhambi. Kutembea ulikopanga mwenyewe hakufanani kabisa na kutembea ulikolazimishwa na mwili.

Mwisho hicho kizunguzungu. Mara nyingi kinatokana na kusimama ghafla. Ukikimbia misuli ya miguu inasukuma damu kurudi juu, ukisimama ghafla msukumo unakatika, damu inabaki miguuni, kichwa kinapungukiwa, ndio unaona giza. Kwahiyo ukivuka mstari usisimame kupiga picha, endelea kutembea dakika tatu nne ukivuta pumzi, na kama giza limeshakuja lala chali miguu juu. Uwezekano mkubwa ndio hicho.

Lakini siwezi kukuhakikishia kwa maandishi, na kwa mwanamke wa umri wako kuna kitu kinajificha sana, upungufu wa damu, hasa kama hedhi ni nyingi au umejifungua karibuni au malaria imekupitia. Damu ikiwa chini oksijeni haibebeki, na hakuna mpango wa mwendo utakaotibu hilo. Kwahiyo wiki hii, kabla ya ule mpango, pita kituo cha afya chochote pima wingi wa damu na presha, ni vipimo vya muda mfupi. Kama umetoka kuumwa malaria usikimbie kwa nguvu mpaka dawa ziishe na nguvu zirudi, anza kwa kutembea. Kama kwenye ukoo wenu kuna sikoseli, au uliwahi kuambiwa una vinasaba vyake hata kama huumwi, mwambie daktari unashiriki mbio, maana kukimbia mpaka kikomo kwenye joto na mwili umekauka maji kunaweza kuwaletea watu hao shida kubwa. Na kama kifua kinalia filimbi au kinabana na kukohoa dakika kadhaa baada ya kukimbia hiyo inaweza kuwa pumu ya mazoezi, ina dawa nzuri, usihangaike nayo kimyakimya.

Kuna dalili za kuacha mbio hapohapo na kwenda hospitali, Maweni au iliyo karibu nawe, bila kungoja medali: maumivu ya kifua yanayoenda shingoni au mkononi, kuzimia au kutaka kuzimia ukiwa bado unakimbia, moyo kudunda bila mpangilio, au kuchanganyikiwa wakati joto ni kali, hata kama jasho bado linatoka. Na kama kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwone daktari akupime moyo kabla ya hiyo mbio, hata kama unajisikia mzima kabisa. Majibu yakitoka mazuri anza na ile siku ya mzunguko, Jumanne au siku yoyote unayopata nafasi, na ile ya maneno manne matano iache mpaka wiki ya pili.